Tiki Yenye Mkia

Pajulu, Arua
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada Zuhurah,

Zile salamu za "mimi mzima, hofu ni kwako" nimeziruka, kwa sababu uzima wangu utauona kwenye mwandiko, na uzima wako Abdunoor ameshanieleza. Anasema umenenepa. Simwamini, dereva wa teksi humsifu kila mtu anayempa mzigo.

Sasa sikiliza. Fomu za mtihani wa kuingia chuo kikuu zimetoka, ule wa watu wazima waliokwisha kuanza kazi. Utafanyika hapa hapa Arua, Jumamosi ya 17 Mei. Tuliahidiana kuufanya pamoja tangu siku ile walipotuambia kwamba cheti chetu cha ualimu hakitoshi tena, kila mwalimu awe na digrii. Tulikaa dawati moja chuoni miaka miwili, tutakaa ukumbi mmoja tena. Shuleni kwangu bado wananivumilia. Wewe mwalimu mkuu wako ameshasema wazi: usipoleta barua ya chuo mwaka huu, darasa la pili anampa mtu mwingine. Kwa hiyo haraka ni yako kuliko yangu.

Kuna darasa la kochingi, la kututayarisha kwa mtihani, mjini chini ya Arua Hill, kila Jumamosi asubuhi. Nimejiandikisha. Njoo Ijumaa jioni ulale kwetu, kitanda kipo, na mume wangu Aliga anasema atakukamatia kuku wa kwanza umchinje, wa pili utakamata mwenyewe. Najua utaniambia wewe ni mwalimu, utajisomea. Dada, kinyozi hajinyoi.

Na jambo la pili. Mkono wangu umezoea ubao. Juzi nilijaribu kuandika kurasa mbili kwa kalamu, vidole vikakakamaa, na herufi zikawa kubwa kama za kuonyesha watoto. Mtihani ni saa tatu za kuandika bila kupumzika. Basi tuache simu, tuandikiane barua, Abdunoor atabeba. Majibu ya mazoezi yawe ya Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Barua zibaki Kiswahili, maana mimi na wewe tukianza Kiingereza tunakuwa watu wapole mno.

Nilitaka kusahau la kuchekesha. Mkufunzi wa kochingi anaitwa Moris. Ni Moris yule niliyemfundisha darasa la tatu, yule wa kamasi! Sasa ana digrii na viatu vya ncha.

Wako,
Drateru


Koboko
Alhamisi, 13 Februari 2025

Drateru wangu,

Barua yako imefika inanuka samaki, Abdunoor sijui aliiweka wapi. Mama ameinusa akasema, "Huyu rafiki yako iko naandika juu ya nini, juu ya dagaa?"

Kochingi siji. Usinune. Mguu wa Mama unamsumbua, siku hizi anaswali amekaa, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kumfulia na kumkanda. Ramadhani nayo hiyo inaingia. Tena nafundisha siku tano, siku ya sita nikakae kwenye benchi nifundishwe mimi? Nitajisomea. Nina karatasi za mtihani za miaka minne. Unajua Mama anavyojifunza ua jipya la kusuka. Hamwulizi mtu. Anatafuta kawa la mwenzake, anakaa chini, analifumua ukindu mmoja mmoja mpaka aone mkono wa yule mwanamke ulipita wapi, kisha analisuka upya kuanzia kitovuni. Nami nitazifumua karatasi zangu hivyo hivyo.

Kuna kitu kimoja tu siwezi kujifanyia, nacho ni kujisahihisha. Jibu langu nikilisoma mwenyewe naliona zuri kila mara. Naomba unitumie maandishi ya kila Jumamosi, nami nitakutumia majibu yangu umpe Moris.

Naogopa, Drateru. Huu ni mwaka wa kumi na tisa niko na darasa la pili. Ile siku mtoto aliyekuwa anatamka herufi moja moja anasoma neno zima ghafla, halafu anageuka kuniangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani, siku hiyo sijawahi kuizoea. Wakinitoa pale sijui nitakuwa nani.

Mwanafunzi wako wa mbali,
Zuhurah


Pajulu
Jumatatu, 24 Februari 2025

Zuhurah,

Nimenuna siku mbili, nimemaliza. Mguu wa Mama upate nafuu.

Sikia nilivyoaibika. Jumamosi ya kwanza nilipoingia darasani watu wote walisimama. Walidhani mkufunzi ni mimi! Ni hizi sketi zetu na mkoba wa vitabu. Moris naye alikuwa mbele pale, akanyooka kama askari, akasema, "Teacha, karibu!" Mimi bila kufikiri nikamwambia, "Asante, keti." Akaketi. Nikaweka mkoba mezani. Watu wametoa madaftari, wananingoja. Ilibidi nimwambie, "Simama baba, wewe ndiye mwalimu," na darasa zima likaangua kicheko, yeye pamoja nasi.

Anafundisha vizuri, lazima niseme. Ana haraka kidogo, anaruka hatua akidhani kila mtu yuko alipo yeye. Karatasi ya kupima akili ndiyo inayonitoa jasho: ile ya maumbo, na mfuatano wa namba, na treni mbili zinazokutana. Hapa Arua tangu lini tuliona treni mbili? Nimekaa na kijana mmoja na msichana ambaye ungedhani amemaliza sekondari juzi. Wanajibu kabla sijavaa miwani.

Nakutumia kurasa sita za Jumamosi mbili. Nitumie insha yako. Kichwa alichotupa Moris ni: mwalimu bora ni yule anayesahau alichojua mwanzo. Kubali au kataa.

Drateru


Koboko
Alhamisi, 6 Machi 2025

Drateru,

Nimecheka juu ya "simama baba" mpaka swaumu ikanikereketa kooni. Mama alitaka kujua kuna nini, nikamsomea, akacheka naye, halafu akaniambia, "We nasoma mpaka uji naungua. Hii kitabu ndiyo mume yako ya pili?"

Insha hiyo hapo, kurasa tatu. Nimekataa. Nimesema mwalimu bora hasahau, anakumbuka alivyokuwa hajui. Niliiandika baada ya futari nikiwa nimeshiba, kwa hiyo mwisho wake una maneno mengi. Mwambie Moris asinionee huruma. Mtu anayesoma peke yake haoni anapokwenda upande.

Kurasa zako sita nimezielewa nusu. Huyo kijana kweli anaruka. Pale kwenye mfuatano wa namba, hatua ya pili kwenda ya tatu, alipitia wapi?

Zuhurah


Pajulu
Jumatatu, 17 Machi 2025

Zuhurah,

Darasa linaendelea, hakuna jipya.

Moris amesoma insha yako. Amekupa kumi na moja kwa ishirini. Anasema mwanzo una nguvu, katikati umerudia jambo moja mara tatu, na mwisho ni kweli ulikuwa umeshiba. Utaona alivyoandika pembeni. Nakutumia kurasa tisa safari hii. Ile hatua ya namba uliyouliza nimeieleza polepole, na mifano ya maharage na mafungu ya kuni badala ya treni.

Jumamosi nilichoka, ndiyo maana barua ni fupi.

Drateru


Koboko
Jumatano, 2 Aprili 2025

Drateru wangu,

Idi ilipita vizuri. Tulikula mpaka Mama akasahau mguu, akatembea mwenyewe hadi kwa jirani kulinganisha vitumbua. Nakutumia ukindu huu uliosukwa, ni wa kuweka kwenye kitabu usipoteze ukurasa. Mama amekusukia.

Maandishi ya siku hizi ni mazuri kuliko ya mwanzo. Nayaelewa yote. Moris amejifunza subira? Anaeleza sasa kama anaeleza watoto, lakini watoto anaowapenda. Na ile mifano ya maharage nimeifurahia. Sikujua kijana wa viatu vya ncha anajua debe la maharage linapimwaje.

Mpe salamu zangu. Mwambie nimemshukuru sana. Nakutumia insha mbili na karatasi nzima ya kupima akili, nimeifanya kwa saa, nikamaliza kwa kuchelewa dakika kumi.

Wako,
Zuhurah


Pajulu
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Zuhurah,

Mshukuru Mama. Ukindu wake umekaa kwenye Biblia kwa sasa, nitauhamishia kitabu cha hesabu nikipata nguvu.

Moris amekupa kumi na tatu na kumi na nne. Kupima akili umepata thelathini na moja kwa hamsini. Anasema unapanda. Anasema ukiendelea hivi hana wasiwasi na wewe. Amefurahi kupokea salamu zako, na anasema maharage alijifunza kwa mama yake.

Zimebaki wiki tano. Usiache kuandika kila siku. Mkono wako umekuwa mwepesi, unaonekana.

Drateru


Koboko
Jumanne, 22 Aprili 2025

Drateru,

Nimeanza barua hii mara tatu. Hii ya nne nitaimaliza, hata ikitoka mbaya.

Moris hasahihishi majibu yangu. Unayesahihisha ni wewe. Nimejua tangu karatasi ya kwanza, ile ya Machi. Tulikaa dawati moja miaka miwili, ulidhani nitasahau tiki yako? Ina mkia mrefu unaopinda chini mwishoni kama ndoana. Mkufunzi wetu alikugombeza juu ya mkia huo mara ngapi? Ukamjibu kwamba mkono wako ukishafurahi haujui kusimama. Mwalimu mwingine mwenye tiki hiyo sijamwona, na nimewaona walimu wengi.

Sijakasirika. Nilinyamaza kwa sababu alama zako zilikuwa za haki na zilinisaidia. Nilinyamaza pia kwa sababu nina langu, na mtu mwenye lake atamwulizaje mwenzake?

Langu ni hili. Mguu wa Mama unauma kweli, lakini sio uliokataa kochingi. Mimi mtihani huu niliufanya mwaka jana, kwa siri. Hata wewe sikukuambia. Nilitaka nifaulu ndipo nije Pajulu nikubishie hodi na barua mkononi. Niliandika vizuri, Drateru. Nilimaliza mapema. Nikaanza kupitia majibu yangu, na unajua kalamu nyekundu huwa naichomeka kwenye nywele chini ya mtandio, miaka yote. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipiga mstari chini ya neno nililokosea. Nikasahihisha tahajia. Nikaweka tiki. Nikaendelea ukurasa wa pili na wa tatu, nikitingisha kichwa, na mwisho kabisa nikajipa kumi na saba kwa ishirini nikaandika: Vizuri, jitahidi zaidi.

Msimamizi alipokuja kuchukua karatasi aliitazama, akanitazama, akaniambia kwa upole, "Mama, umefanya nini?" Onyo lilikuwa limeandikwa juu ya karatasi, nilikuwa nimelisoma: wino mwekundu ni wa wasahihishaji, jibu lenye wino huo halihesabiwi. Hawakuihesabu.

Ningekuja kwenye darasa la watu ningeulizwa, umewahi kufanya? Ulipata ngapi? Ningesema nini? Ndiyo maana nimejifungia na karatasi zangu huku.

Sasa niambie lako. Uliacha lini darasa, na kwa nini?

Zuhurah


Pajulu
Jumapili, 27 Aprili 2025

Zuhurah dada yangu,

Kwanza nimelia, halafu nimefika kwenye "Vizuri, jitahidi zaidi" nimecheka, halafu Aliga ameingia akanikuta nafanya vyote viwili, akarudi shambani bila kuuliza.

Niliacha Jumamosi ya nne, tarehe 8 Machi. Moris alitupa jaribio la insha akaturudishia siku ile ile. Nilipata nne kwa ishirini. Ukurasa mzima ni miduara na mistari, tiki hata moja hakuna. Yule msichana niliyekaa naye alipata kumi na sita, akaikunja yake haraka ili nisione, na huko kukunja kwake kuliniuma kuliko alama.

Lakini sikuondoka kwa sababu hiyo. Mwaka 2008 Moris alikuwa na miaka tisa, aliniletea nne kwa ishirini, nami nikampigisha magoti nje kwenye jua mpaka kengele ya chakula. Ni alama ile ile. Sijui kama anakumbuka. Yeye hakunipigisha magoti. Aliinama pale nilipokaa, akasema kwa sauti ya chini, "Teacha, hapana ogopa, tutarudia pamoja." Zuhurah, ningependelea magoti. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na sijarudi.

Aliga anadhani bado naenda kochingi. Kila Jumamosi ananisindikiza mpaka barabarani, nami naenda maktaba mjini. Maandishi yote unayoyasifu nimeyatoa kwenye vitabu vya maktaba, nikayasaga kwanza niyaelewe ndipo nikuandikie. Nisingekuwa na wewe unaniuliza "alipitia wapi", ningefunga kitabu siku ya kwanza. Alama nilizokupa nilizipima kama ninavyompima mtoto wa mtu mwingine. Sikukupendelea.

Nisamehe. Nilitaka uwe na darasa, hata kama mimi sina.

Drateru


Koboko
Alhamisi, 8 Mei 2025

Drateru,

Nakusamehe nini? Umenifundisha miezi miwili bila mshahara, na kwa uwongo mzuri.

Kalamu nyekundu zote nimemkabidhi Mama. Zilikuwa saba. Amezitia kwenye kikapu chake cha ukindu, akakaa karibu nacho. Jana nilisogeza mkono akaupiga kwa kijiti cha kusukia: "Hapana gusa. Hii iko na shetani yako." Siku ya kuja kwenu ameapa atanipekua mlangoni.

Nitafika Ijumaa ya tarehe 16, jioni. Kuku akamatwe. Tusisome usiku ule, tulale tu.

Zuhurah


Pajulu
Jumanne, 20 Mei 2025

Zuhurah,

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Watoto wanauliza shangazi wa Koboko atarudi lini na zile ndizi.

Pale Arua Hill baada ya mtihani hatukusemezana sana, tulikuwa kama watu waliotoka kuchota maji mbali. Sasa nikuambie kitu. Nilikuwa nyuma yako viti vitatu. Saa ya tatu ilipoanza niliona umeweka kalamu chini. Nikajua umemaliza na sasa unapitia. Mimi nilikuwa katikati ya swali la nne, nikaacha. Nikakutazama mgongo. Mkono wako ukapanda, ukaingia chini ya mtandio, ukapapasa. Nikataka kupiga kelele. Ukatoa kibanio cha nywele. Ukakitazama, mabega yakaanza kutikisika, msimamizi akasogea akidhani unalia.

Umshukuru Mama kwa upekuzi. Mimi sasa nangoja tu, kama wewe.

Drateru


Koboko
Jumatatu, 14 Julai 2025

Drateru! Drateru!

Nimefaulu! Jina langu lipo, nimelisoma, Yasiri mwanangu amelisoma, mwalimu mkuu amelisoma kwa sauti mbele ya walimu wote, na nimeomba mmoja wa watoto wangu wa darasa la pili alisome pia kwa kutamka herufi. Nitasoma wakati wa likizo, na darasa langu nabaki nalo. Mwalimu mkuu amenipa mkono, akaniambia, "Darasa yako iko yako."

Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani ameolewa.

Wewe je? Orodha nimeisoma kwa haraka, machozi yalinizuia. Niandikie leo leo, Abdunoor anangoja furaha ya pili.

Zuhurah


Koboko
Jumatatu, 28 Julai 2025

Drateru,

Wiki mbili hujajibu. Abdunoor anasema amekuona sokoni, umempungia mkono na kugeukia vitunguu.

Nimerudi kwenye orodha, nimeisoma polepole, kwa kidole, kama tunavyowafundisha. Nimefika mwisho nikarudi mwanzo.

Niandikie hata mstari mmoja. Tafadhali.

Zuhurah


Pajulu
Jumapili, 3 Agosti 2025

Zuhurah,

Nilikuwa natafuta furaha safi ya kukuandikia, isiyochanganyika na kitu. Ilichukua siku ishirini. Sasa ninayo: hongera, dada yangu. Hongera kabisa. Nimemwambia kila mtu hapa Pajulu kwamba mwanafunzi wangu ameingia chuo kikuu.

Mimi nimekosa kwa alama sita. Swali la nne sikulimaliza. Usianze kuhesabu, najua utaanza. Hata ningelimaliza, ile karatasi ya kupima akili ilikuwa imeshaniangusha. Wewe ulikuwa na mimi wa kukusahihisha. Mimi nilikuwa na mimi, na kila nilichoandika nilikiona kizuri.

Mwaka kesho nitajaribu tena, au nitaacha. Maktaba ipo.

Drateru


Koboko
Jumapili, 10 Agosti 2025

Drateru,

Hutaacha. Na maktaba peke yake haikutoshi, umeniambia mwenyewe kwa maneno yako.

Mama amenirudishia kalamu zangu saba. Nitumie majibu yako kila wiki, nitayasahihisha, na nitakuwa mkali. Lakini mimi niko mbali, na nahitaji mtu wa kukuambia makosa yako siku hiyo hiyo, ana kwa ana. Mtu huyo yupo chini ya Arua Hill kila Jumamosi, naye alishakuambia mtarudia pamoja.

Uliniandikia kinyozi hajinyoi. Nami nakurudishia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda ukainame, dada. Magoti ya 2008 mwombe radhi kama yanakuuma. Kama hakumbuki, yatakuwa yamekutoka wewe.

Nakupenda. Nenda.

Zuhurah


Pajulu
Jumapili, 7 Septemba 2025

Zuhurah,

Nimekwenda. Nimekwenda Jumamosi tatu sasa, sikukuandikia mpaka nione kama nitadumu.

Ya kwanza nilifika mapema, kabla ya wengine. Alikuwa anafuta ubao. Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla ujasiri haujaisha: "Mwalimu Moris, mwaka 2008 nilikupigisha magoti kwenye jua kwa sababu ya nne kwa ishirini. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kusoma." Aliweka kifutio chini. Akasema anakumbuka. Akasema jua lile lilikuwa kali, na kwamba mimi mwenyewe nilitoka baadaye nikamletea maji kwa kikombe changu. Hilo la maji mimi sikulikumbuka hata kidogo. Halafu watu wakaanza kuingia, nami nikakaa benchi la mbele.

Nanyoosha mkono sasa. Jumamosi ya pili nilimwambia mbele ya wote, "Umeruka hatua, rudi," akarudi, na nyuma yangu nikasikia watu wanapumua, kumbe hakuna aliyekuwa ameelewa. Yule kijana aliyekuwa akijibu kabla sijavaa miwani, naye alikosa kama mimi, na sasa ananiomba nimweleze kwa maharage.

Jana tulirudishiwa jaribio la insha. Nimepata kumi na mbili kwa ishirini. Miduara ipo bado, mingi, lakini safari hii kuna tiki tatu, za kwanza kuzipata kwake. Niliivua miwani nikaipangusa nikaivaa tena. Zuhurah, tiki zake zina mkia. Ni mrefu, unakwenda, mwishoni unapinda chini kama ndoana.

Nilimsubiri watu watoke. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwuliza, tiki hii umeitoa wapi? Alishangaa swali. Akasema, "Teacha, mimi nilifikiri tiki yote iko hivyo. Ya kwanza yangu nilipata kwako."

Nakutumia karatasi yenyewe ndani ya bahasha hii. Itazame vizuri, mwonyeshe na Mama, usiandike kitu juu yake, halafu umpe Abdunoor anirudishie kesho.

Drateru